Shaka haishibi majibu: Tuielewe OCD kabla ya kuitania

Kuna utani umezoeleka sana siku hizi. Msee anapanga viatu vyake kwa mstari kejani, anakunja taulo zikatoshana, halafu anaposti picha na kuandika, "OCD yangu itaniua." Marafiki wanacheka, na wengine wanajibu kwamba hata wao wanayo. Nani asiyependa nyumba safi?

Sasa nikuulize. Huyo wa viatu akiona mstari umenyooka anafurahi, anaingia kitandani na kulala. Kuna mwenzake ambaye saa kumi na mbili asubuhi amesimama nje ya mlango wake akivuta kufuli kwa mara ya thelathini. Anajua imefungwa. Ameiona ikifungwa. Anachelewa kazini, machozi yanamlengalenga, na bado mkono unakataa kuiachilia. Utasema hao wawili wana kitu kimoja?

OCD ninayoizungumzia hapa haina undugu na OCS wa kituo cha polisi, ingawa nayo ikikukamata haikuachilii kwa dhamana. Ni ugonjwa wa akili unaotambulika kote duniani. Watafiti wanakadiria kwamba humpata mtu 1 hadi 3 kati ya kila 100 wakati fulani maishani, na kwa wengi huanza utotoni, ujanani au mwanzoni mwa miaka ya ishirini. Yaani umri wako wewe unayesoma hapa. Ukiingia kwenye ukumbi wa mihadhara wenye wanafunzi 300, kuna uwezekano mkubwa umeketi na watu kadhaa wanaopigana nayo kimyakimya.

Ugonjwa huu una sehemu mbili. Ya kwanza ni wazo, picha au msukumo unaoingia akilini bila kualikwa, unajirudia, na unakutia hofu, kinyaa au hatia. Ya pili ni kitendo unachohisi lazima ukifanye ili hofu hiyo ishuke: kunawa, kukagua, kuhesabu, kuuliza, kurudia. Kitendo kikishafanyika, nafuu inakuja kwa dakika chache. Kisha wazo linarudi na mzunguko unaanza upya. Madaktari huutambua ugonjwa pale mambo haya yanapokula zaidi ya saa moja kwa siku, au yanapokuumiza na kuvuruga masomo, kazi na mahusiano yako.

Chukua mfano wa mwendesha boda. Usiku anapita juu ya shimo Jogoo Road, pikipiki inatikisika. Wazo linapiga: "Na kama nimemgonga mtoto?" Anageuza, anarudi, anamulika barabara. Hakuna mtu. Anapumua. Mita mia mbili mbele, wazo linarudi: "Na kama alirushwa mtaroni?" Anageuza tena. Asubuhi anakagua gurudumu akitafuta damu, kisha anapekua habari kwenye simu akitafuta ajali ya jana. Petroli imekwisha, wateja wamechukuliwa na wengine, na stejini wenzake wanadhani amevuta kitu. Hajavuta chochote. Amenaswa na swali ambalo kila akilijibu linazaa jingine.

Ndiyo maana Wafaransa wa karne ya 19 waliuita wazimu wa shaka. Naona jina hilo linatusaidia kuliko mambo yote ya viatu na taulo. Usafi ni sura moja tu ya ugonjwa huu. Kiini chake ni shaka. Na msimamo wangu katika makala haya ni huu: shaka ya OCD haishibi majibu, na anayetaka kupona, pamoja na sisi tunaompenda, lazima tuache kuilisha.

Kabla ya kufika huko, kuna jambo ambalo watu wanaoteseka zaidi hawajawahi kulisikia likisemwa wazi.

Si kila mwenye OCD ananawa mikono. Wengi vitendo vyao vyote viko kichwani. Anarudia sala ileile mpaka itoke "sawasawa". Anahesabu. Anarudisha nyuma mazungumzo ya jana, neno kwa neno, akitafuta kama alimkosea mtu. Unaweza kukaa naye kiti kimoja kutoka Rongai hadi tao usijue lolote.

Na mawazo yenyewe mara nyingi ni yale mtu hawezi kuyatamka. Mama mchanga ananyonyesha, na picha inapita akilini ya yeye mwenyewe akimdhuru mtoto wake. Anaganda. Kesho yake anaficha visu vyote, halafu anaanza kuogopa kubaki na mtoto peke yake. Kijana yuko kanisani au msikitini, katikati ya ibada, na tusi dhidi ya Mungu linamjia. Mwanafunzi anavuka daraja la miguu la Thika Road, wazo linamwambia anaweza kumsukuma huyu aliye mbele yake. Mjomba anayewapenda watoto wa dadake anaacha kuwatembelea, kwa sababu wazo chafu limempitia na ameamini kwamba limefichua yeye ni mtu wa aina gani.

Kama umejiona katika mojawapo ya mifano hiyo, soma aya hii polepole. Mwaka wa 2014 watafiti walichapisha matokeo ya kuwahoji wanafunzi 777 wa vyuo vikuu katika nchi 13 za mabara 6, Sierra Leone ikiwemo. Takriban asilimia 94 walisema kwamba katika miezi mitatu iliyotangulia walikuwa wamepata angalau wazo moja la aina hii, lisilotakikana na lililojiingiza lenyewe. Asilimia 94, maze. Hao ni karibu wote. Ubongo wa binadamu hutema takataka, ndivyo ulivyo.

Kinachotofautisha ni kinachofuata. Mtu mwingine wazo likimpita anatikisa kichwa, "Ai, hii akili yangu nayo," anaendelea kuchoma chapati. Mwenye OCD anasimama na kuliuliza: "Mtu wa kawaida anaweza kuwaza hivi? Si hii inamaanisha mimi ni hatari?" Kisha anaanza kujilinda dhidi ya jambo ambalo hataki kulifanya hata kidogo. Mara nyingi ugonjwa huu hushika kile unachokithamini sana. Anayempenda mtoto wake huletewa hofu ya kumdhuru mtoto. Anayempenda Mungu huletewa kufuru. Kinyaa na hofu unayohisi mbele ya wazo hilo ni ishara kwamba linagombana na maadili yako.

"Basi si nilifukuze tu?" Jaribu. Kwa dakika moja kuanzia sasa, usiwaze kabisa nganya ya rangi ya waridi inayopiga muziki.

Umeiona, sivyo? Mwaka wa 1987 mwanasaikolojia Daniel Wegner na wenzake huko Marekani waliwaambia wanafunzi wasimfikirie dubu mweupe, na wagonge kengele kila wanapomfikiria. Kengele ziligongwa. Na waliporuhusiwa baadaye kumfikiria, walimfikiria zaidi kuliko wale ambao hawakuwa wamekatazwa mwanzoni. Wazo ukilifukuza kwa nguvu unalipa cheo. Kwa hivyo yule anayekuambia "jikaze, acha kuwaza ujinga" anakupa kazi ambayo akili ya mtu yeyote haiiwezi.

Sasa turudi kwa ile nafuu ya dakika chache, maana mtego uko pale.

Sisi tunaoishi na mikopo ya simu tutaelewa haraka. Ijumaa umebanwa, unakopa 500, unapumua. Nafuu ni ya kweli kabisa. Lakini deni linarudi na riba, unakopa kulipa lile la kwanza, kiwango chako kinaongezwa, na miezi michache baadaye mshahara ukiingia unatoweka kabla hujauona. Kitendo cha OCD ni mkopo wa namna hiyo. Ukivuta kufuli mara moja zaidi, hofu inashuka. Ubongo unajifunza mambo mawili ya uongo: kwamba hatari ilikuwa ya kweli, na kwamba kufuli kuvutwa ndiko kulikokuokoa. Kesho unadai riba. Mara moja haitoshi, inakuwa mara tatu. Tatu zinakuwa kumi, kisha lazima zihesabiwe, na ukikosea hesabu uanze tena.

Wazia hali hiyo kwa anayelazimika kunawa, kwenye ploti ambayo mfereji hutoa maji siku mbili kwa wiki. Maji ni ya kununua kwa jerikeni. Maji ya kupikia na kufulia yanaishia mikononi. Ngozi inapasuka, sabuni inachoma, na mnayeishi naye chumba kimoja anaanza kununa kwa sababu na yeye anachangia. Halafu mtu anaingia mtandaoni kuita hiyo "kupenda usafi". Jameni!

Hapa ndipo ninapotaka kubishana na watu wazuri: mama, dada, mpenzi, rafiki wa karibu. Wale wakorofi wanaodhihaki sina haja nao leo.

"Mathe, una hakika sikuacha gesi wazi?" "Ndiyo, mwanangu, nimeangalia." Dakika tano baadaye: "Lakini uliangalia vizuri?" "Nimeangalia, imefungwa." Mama huyu anatoa jibu kwa upendo. Lakini jibu lake linafanya kazi ileile ya kuvuta kufuli. Ni mkopo, tofauti ni kwamba sasa mama ndiye anayekopesha. Pole pole nyumba nzima inajipanga kufuata ugonjwa: mmoja anakagua gesi kwa niaba yake, mwingine anafua nguo mara mbili, mpenzi anatuma ujumbe arobaini kwa siku wa "sijakasirika, niamini". Watafiti wanaofuatilia familia hizi wamekuta jambo moja likijirudia: kadiri nyumba inavyojipanga kuutii ugonjwa, ndivyo ugonjwa unavyokuwa mkali.

Najua hili linauma kusikia. Kumnyima jibu mtu anayetetemeka mbele yako kunaonekana kama ukatili. Ndiyo maana halifanywi ghafla wala kwa hasira, na kamwe halifanywi kama adhabu. Mnakaa chini siku ambayo hofu iko chini, mnakubaliana pamoja, mkiweza na mtaalamu akiwepo. Mnachagua maneno. Mfano: "Naona hofu imekupanda. Swali hilo nilishalijibu, na tulikubaliana sitalijibu tena. Lakini siendi popote, nitakaa na wewe mpaka ipungue." Sehemu ya mwisho ni muhimu kama ya kwanza. Unaunyima ugonjwa jibu huku mwenyewe ukimpa bega.

Na kuna mkopeshaji mwingine ambaye hatumtaji: simu. Saa nane usiku mtu anaandika, "nitajuaje kama mimi ni mtu mbaya." Anasoma kurasa kumi. Sasa tuna hata programu za kuzungumza nazo ambazo zitakujibu kwa upole swali lilelile mara mia. Mama huchoka, mashine haichoki. Kwa mwenye OCD, jibu lisiloisha ni duka la mikopo lililo wazi saa 24. Taarifa ya kuuelewa ugonjwa ni nzuri, itafute mara moja, uielewe. Ukijikuta unaisoma kwa mara ya tano usiku huohuo ili utulie, hapo hautafuti tena taarifa.

Sasa dini, maana katika nchi hii wengi wetu hufika kwa mhubiri kabla ya kufika kwa daktari.

Neno letu "wasiwasi" lenyewe lilitoka kwa Kiarabu, na wanazuoni wa Kiislamu wameujua mtego huu kwa zaidi ya miaka elfu moja. Abu Zayd al-Balkhi, aliyeishi kati ya miaka ya 850 na 934, aliandika kitabu kuhusu afya ya mwili na ya nafsi, na humo akayapa mawazo haya yanayojirudia sehemu yake, mbali na huzuni, hasira na hofu. Karne ya 16, Ibn Hajar al-Haytami, mwanachuoni wa madhehebu ya Shafii yanayofuatwa katika pwani yetu, aliulizwa dawa ya wasiwasi. Jibu lake lilikuwa kuupuuza kabisa. Hakumwambia mtu arudie udhu mara kumi ili awe na amani. Fikihi yenyewe ina kanuni kwamba yakini haiondolewi na shaka: ulitawadha, ukaanza kushuku kama umetengukwa, basi udhu wako ungalipo.

Kwa Wakristo, Ignatius wa Loyola, mwanzilishi wa shirika la Wajesuiti, alipitia jambo linalofanana na hili mjini Manresa, Uhispania, miaka ya 1522 na 1523. Alikuwa akiungama dhambi zake, halafu anashuku kama aliungama zote, anarudi kuungama tena, na kila akirudi shaka inaongezeka. Katika simulizi ya maisha yake anasema aliwekwa huru siku alipoamua kutoungama tena mambo ya zamani. Hatuwezi kumpima mtu wa karne tano zilizopita na kumwandikia jina la ugonjwa. Lakini tazama njia aliyotoka nayo: hakupata uhakika zaidi, aliacha kuutafuta.

Kwa hivyo mhubiri anayemwambia kijana wa aina hii kwamba ana mapepo, akamwagiza afunge siku saba na kurudia toba, anampa ugonjwa chakula kingine. Sisemi uache kuomba. Omba. Maombi na matibabu hukaa nyumba moja bila kugombana. Ninachosema ni kwamba sala unayoirudia mara arobaini kwa kuogopa kwamba ya thelathini na tisa haikutoka vizuri imeshaacha kuwa sala. Kiongozi mzuri wa dini akiambiwa hivyo atakuelewa, na yeye pia atakataa kukujibu swali moja mara mia.

Je, OCD inatibika? Ndiyo, na matibabu yake yana ushahidi wa miongo mingi. Mwaka wa 1966, jijini London, mwanasaikolojia Victor Meyer alichapisha maelezo ya wagonjwa wawili waliosaidiwa kukaa karibu na vitu walivyoviogopa huku wakizuiwa kufanya vitendo vyao. Walipata nafuu, wakati ambapo ugonjwa huu ulionekana kuwa mgumu sana kutibu. Kutokana na kazi kama hiyo ilizaliwa tiba inayojulikana leo kwa herufi ERP: unaikabili hofu, kisha hufanyi kile kitendo.

Inaenda hivi. Wewe na mtaalamu mnaandika orodha ya mambo unayoyaogopa na kuyapa alama kutoka 0 hadi 100. Mnaanzia chini. Wa kufuli huenda akaanza kwa kufunga mara moja, kutembea hadi getini na kusimama pale. Hofu itapanda. Mikono itawasha kurudi. Harudi. Baada ya muda hofu inateremka yenyewe, na hata isipoteremka sana, anagundua kwamba anaweza kuibeba na bado akapanda matatu kwenda kazini. Wiki ijayo anafunga bila kutazama nyuma. Mama mchanga huenda akaanza kwa kukaa jikoni na kisu kikiwa mezani, kisha ampakate mtoto hapohapo. Hakuna mtaalamu wa kweli atakayekulazimisha, wala kukuagiza umdhuru mtu au uvunje imani yako. Kwa kawaida ni vikao kama 12 hadi 20, pamoja na mazoezi ya nyumbani kila siku, na zaidi ya nusu ya wanaoyamaliza hupata nafuu kubwa.

Dawa pia zipo. Nyingi ni zilezile zinazotumika kwa msongo wa mawazo uliokithiri, kama fluoxetine na sertraline, ila kwa OCD mara nyingi dozi huwa ya juu zaidi na huenda zikachukua hadi wiki 12 kuonyesha matokeo kamili. Clomipramine, dawa ya zamani kidogo, imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani kwa ajili ya ugonjwa huu. Hazikulevyi wala hazikugeuzi zombi. Zina athari zake, kwa hivyo huandikwa na daktari, na hauziachi ghafla kwa sababu umeamka ukijisikia poa.

Najua unachotaka kusema: doh iko wapi? Ni swali la haki. Kwa kijana wa kibarua, ada ya kikao kimoja kwa mtaalamu wa kibinafsi inaweza kumeza bajeti ya chakula. Anzia kwenye hospitali za umma: Mathari hapa Nairobi, au kliniki ya afya ya akili ya hospitali ya rufaa ya kaunti yako. Kama uko chuoni, kuna ofisi ya ushauri nasaha ambayo karo yako inailipia. Popote utakapoenda, uliza waziwazi: "Umewahi kutibu OCD? Unatumia ERP?" Swali hilo litakuokolea muda, kwa sababu kuna washauri wenye nia njema ambao watatumia kila kikao kukuhakikishia kwamba wewe ni mtu mzuri, au kuchimba maana iliyofichika ya wazo lako. Utatoka pale umetulia, na kesho utakuwa unadai tena.

Lakini tusiishie kwa mtu mmoja mmoja. Sheria ya Afya ya Akili ilifanyiwa marekebisho mwaka wa 2022, na inazipa serikali za kaunti jukumu la huduma hizi. Kizazi hiki kiliusoma Mswada wa Fedha wa 2024 kifungu kwa kifungu na kuueleza kwa lugha zetu zote. Bajeti ya afya ya kaunti yako ni nyepesi kuliko ule. Fungua, utafute mstari wa afya ya akili, kisha uliza vikaoni: ni watu wangapi mmewaajiri wanaoweza kutoa tiba ya mazungumzo, mbali na kuandika dawa?

Ukiwa bado kwenye foleni, kuna hatua ndogo unazoweza kuanza leo. Usiape kuacha vyote kwa mkupuo. Chelewesha kitendo kimoja kwa dakika tano. Kesho saba. Ukinawa mara sita, jaribu tano na uache hofu ipige kelele. Andika kila ulipofaulu. Hii haichukui nafasi ya matibabu, ila inauonyesha ubongo kwamba mkopo unaweza kukataliwa. Na ikiwa umechoka kiasi kwamba unawaza kujitoa uhai, hapo usisubiri foleni yoyote: nenda hospitali iliyo karibu, mwambie mtu akusindikize, au piga 1199, nambari isiyolipishwa ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya.

Kupona kunakaaje? Wengi hudhani ni siku ambayo mawazo yatanyamaza kabisa. Ukisubiri siku hiyo utakaa nyumbani sana. Mawazo ni kama makanga stejini. Atakuita, atakushika mkono, ataapa kwamba gari limebakisha mtu mmoja tu. Huna haja ya kugombana naye, wala kumthibitishia kwamba hauelekei huko. Unaendelea kutembea. Anayepona bado husikia sauti hizo, hasa wakati wa mitihani, akipoteza kazi au akipata mtoto. Siku nyingine atapanda bila kujua na ashuke mbele kidogo. Hiyo haimrudishi mwanzo. Njia ya kushuka ameshaijua.

Neno lake kubwa linakuwa "labda". Je, nilifunga mlango? Labda. Je, yule rafiki amenikasirikia? Labda. Je, wazo hili lina maana mbaya? Labda, na supu inangoja mezani. Sisi wengine tunaishi hivyo kila siku bila kutambua. Tunapanda matatu bila cheti cha breki, tunakula mutura bila kumhoji anayeichoma. Hakuna aliyetupa uhakika. Tulizoea tu kuishi bila huo.

Kama umeisoma makala hii hadi hapa kwa sababu ina jina la kitu ambacho hujawahi kumwambia mtu, huna haja ya kueleza kila wazo leo. Mchague mtu mmoja. Mwambie: "Kuna mawazo yananijia siyataki, yamenichosha, na nadhani ni OCD. Nisindikize kliniki." Na wewe utakayeambiwa hivyo, usicheke, usishtuke, usikimbilie kumhakikishia kwamba si kitu. Muulize tu mnaenda siku gani.